Swali Nililolibeba Hadi Stockholm

Mliniuliza Jumapili ile mbele ya kanisa, vitabu vya nyimbo bado viko mikononi mwenu, safari yangu ya Uswidi ilikuwaje. Nikawajibu, "Nzuri, tunamshukuru Mungu," nikaingia kwenye gari na kufunga mlango. Sikusema uongo, lakini sikuwajibu. Tangu siku hiyo nimemwomba mama ruhusa ya kuwaandikia, naye hakufikiri sana. "Andika," alisema. "Watu wakisikia nusu, nusu ingine watajaza wenyewe."

Basi hii hapa yote.

Durban, kabla ya kuondoka

Kazi yangu ya Clairwood mnaijua: nakaa mbele ya kompyuta na kupanga lori lipi lichukue kontena lipi bandarini. Mwaka ule, 2013, kampuni yetu ilinunua mfumo mpya kutoka Uswidi, na mtu mmoja akatakiwa aende mji wa Gothenburg kwa siku nne ajifunze kuutumia. Bosi akanichagua mimi. Mambo ya viza na makaratasi nayaruka. Aliyewahi kuyapitia hahitaji kusimuliwa, na asiyewahi ashukuru.

Mafunzo yangeisha Alhamisi. Ijumaa ningepanda treni kwenda Stockholm, Jumamosi nitembee mji, na jioni yake nipande ndege ya kurudi. Sibusiso, tunayekaa naye meza moja, alinipiga begani. "Eish, mfowethu, ndugu yangu, siku nzima ya kutalii! Piga picha za kila kitu, hata robot, zile taa za barabarani."

Sikumwambia kwamba Stockholm kuna mtu. Hata ninyi sikuwaambia. Mtu huyo ni baba yangu mzazi.

Najua wengi wenu mnaamini kwamba baba alikufa vitani. Sisi wenyewe tuliamini hivyo kwa miaka mingi. Vita vilipoingia Uvira nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na asubuhi ile alikuwa shuleni, upande wa pili wa mji. Watu wa upande ule walikimbilia ziwani, wakavuka hadi Tanzania. Mama alitushika mikono, mimi na dada yangu mdogo Esta, tukafuata barabara ya kusini na umati. Tulitembea, tukapanda malori, tukatembea tena. Wiki tatu baadaye, karibu na Kalemie, Esta alianguka kutoka juu ya lori akavunjika mguu. Tukafika Zambia, tukakaa Lusaka miaka kadhaa, kisha tukashuka mpaka hapa Durban. Kumbe baba alikuwa hai katika kambi ya Kigoma. Aliambiwa kwamba sisi tumekufa, akaoa mke mwingine, na baadaye wakapelekwa Uswidi pamoja na mtoto wao, Riziki.

Mwaka 2009 jamaa mmoja wa Uvira alimwona kwenye mtandao, akatupa namba. Nikampigia, simu nimeiweka kwa sauti ili wote wasikie. Mama alikaa kando, hakutaka kusema neno. Baba alilia. Akauliza habari za kila mmoja wetu. Halafu akauliza, "Na muguu ya Esta, ilipona muzuri?"

Mimi sikuona kitu hapo. Mama ndiye aliyeona. Alinyanyuka, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji na kuliacha likimwagika. Esta alivunjika mguu wiki tatu baada ya sisi kutengana na baba. Sasa nani alimwambia habari za mguu?

Kwa miaka minne mama hakulitaja jambo hilo. Baba alikuwa akipiga simu kila Krismasi, nami nikizungumza naye mambo ya hali ya hewa na afya. Lakini siku ya kuondoka kwangu mama alinisindikiza hadi kwenye ngazi za nyumba yetu, akanivuta koti likae sawa.

"Muulize papa yako kitu moja tu," alisema. "Alijua siku gani kama tuko wazima? Ni mbele ya kwenda Ulaya, ao ni nyuma? Usimugombeze. Muulize, ulete jibu."

"Na akikataa kusema?"

"Hiyo nayo iko jibu."

Frankfurt: ukungu

Kutoka Durban hadi Johannesburg, na kutoka Johannesburg hadi Frankfurt, sikupata la kusimulia. Karibu yangu alikaa mzee mmoja aliyelala kabla hatujapaa na kuamka tumeshatua. Frankfurt ndipo mambo yaliposimama. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ndege zilizoegeshwa nje ya dirisha tuliziona mkia tu. Tukaambiwa tungoje saa moja. Saa moja ikawa tatu, tatu zikawa tisa.

Nilikuwa nampigia Esta kumwambia nimekwama, ndipo mfanyakazi wa usafi aliyekuwa akisukuma toroli lake akasimama ghafla nyuma yangu. Akangoja nimalize.

"Ndugu, hicho ni Kiswahili cha wapi?"

Jina lake Abdi, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Alisema ana miezi minane hajazungumza Kiswahili na mtu uso kwa uso. Muda wake wa kupumzika ulikuwa dakika ishirini. Alikuja kukaa nami, akafungua kopo lenye chapati na maharage, akanikatia nusu bila kuniuliza kama nina njaa. "Ongea tu," aliniambia. "Chochote. Mimi nataka kusikia."

Sijui kama ni uchovu, ama ni kwa sababu nilijua sitamwona tena. Nilimwambia yote: baba, mguu wa Esta, swali la mama. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Alisikiliza akitafuna polepole.

"Mimi babangu alikufa nikiwa sipo," alisema. "Nina maswali kama mia. Wewe una moja, na wa kumuuliza yupo." Akafunga kopo lake, akanipa mkono, akarudi kazini. Kwa mbali nilimwona akipanguza kiti kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Gothenburg: siku nne

Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, jina lake Birgitta. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya mashine. Nikamuuliza, "Nibonyeze hapa?" Akavuta pumzi kwa ghafla, hhh! kama mtu aliyeona nyoka. Nikaondoa mkono haraka. Akanitazama, akanionyesha niendelee. Nikauliza tena, akashtuka tena vilevile, nikaondoa mkono tena. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kama ninaogopa kompyuta. Ilibidi mwanafunzi mwenzangu kutoka Ureno anieleze kwamba watu wa huko wanaweza kusema "ndiyo" kwa kuvuta pumzi namna ile. Birgitta alicheka hadi akavua miwani kufuta macho, na kuanzia hapo kila akitaka kunikubalia aliitikia kwa kichwa kwanza ili nisikimbie.

Chakula cha mchana siku ya pili kilikuwa samaki mbichi waliolowekwa kwenye siki na sukari. Mimi nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, kwa ndagala na mikebuka, nikajiambia samaki hawezi kunishinda. Wa kwanza nilimmeza. Wa pili nilimfunika kwa kiazi.

Hizo ndizo picha mlizoziona kwenye simu yangu, zile ambazo nacheka. Lakini kila nilipobaki peke yangu nilijizoeza lile swali. Nililisema kwa ukali, nikalisema kwa upole. Nililisema kwa Kifaransa, nikaona linafanana na mahojiano ya polisi, nikaliacha.

Treni iliyosimama msituni

Ijumaa nilipanda treni ya Stockholm. Nje miti ilikuwa ya njano na myekundu, maziwa madogo yakipita moja baada ya jingine. Katikati ya safari treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Treni iliyokuwa mbele yetu ilikuwa imegonga mnyama wa msituni, mkubwa kama ng'ombe, mwenye pembe pana kama sinia. Tukakaa pale zaidi ya saa mbili.

Katika ule ukimya simu yangu ikalia. Ni mama. Nikapokea kwa sauti yetu ya kawaida, na behewa zima likanigeukia. Bibi mmoja mzee mbele yangu akanionyesha kwa kidole alama ukutani: picha ya simu iliyopigwa mstari. Kumbe nilikuwa nimekaa kwenye behewa la watu wanaotaka kimya.

Nikanong'ona, "Mama, nitakupigia."

"Juu ya nini unasema hivyo? Unagonjwa?"

"Hapana, hapa hawataki niseme."

"Nani hataki useme? Papa yako?" Sauti yake ilibadilika. Alidhani tumeshakutana na baba.

Nikatoka mbio hadi kwenye nafasi kati ya mabehewa, nikamweleza habari za mnyama na alama ya ukutani. "Sawa," alisema. "Umekula?" Nikasema ndiyo. Hakuuliza kingine, lakini hakukata simu pia. Nilisikia televisheni yetu upande wa pili, na mtoto wa jirani akilia, kisha salio likaisha.

Niliporudi kwenye kiti, yule bibi alinimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake. Akaniomba radhi kwa Kiingereza, mara tatu, kwa ajili ya treni, kana kwamba yeye ndiye aliyemgonga yule mnyama.

Stockholm, asubuhi ya Jumamosi

Katikati ya ukumbi wa stesheni kuu ya Stockholm kuna tundu kubwa la duara sakafuni, lenye uzio, na ukiinama unawaona watu wanaopita ghorofa ya chini. Hapo ndipo tulipopatana kwa simu tuonane, saa mbili asubuhi. Nilifika mapema. Nikamwona kabla hajaniona: mzee mfupi kuliko nilivyomkumbuka, kofia ya sufu kichwani, anatembea kama anahesabu hatua.

Miaka kumi na saba.

Alinyoosha mkono kunisalimia kama watu wa huko. Mimi nilikuwa nimeshainamisha kichwa tugusane paji la uso, kama watu wa kwetu. Kichwa changu kikamgonga, kofia yake ikaanguka. Aliiokota, akaishika kifuani, ndipo tukagusana vichwa sawasawa, kulia, kushoto, kulia. Alikuwa na harufu ya sabuni nisiyoijua.

"Umekuwa mukubwa," alisema.

"Nina miaka ishirini na nane, Papa."

"Najua. Najua." Akavaa kofia. "Twende. Siku iko fupi na mji iko mukubwa."

Baba huendesha basi la mjini. Ndiyo maana aliujua kila mtaa, na madereva wa mabasi yaliyotupita walimwinulia mkono, naye akawainulia wake. Na alikuwa bado mwalimu. Aliniambia mji umejengwa juu ya visiwa kumi na vinne, akanifanya nirudie. Alinipeleka mji wa kale, kwenye vichochoro vyembamba ambavyo ukinyoosha mikono unagusa nyumba za pande zote mbili, kuta za rangi ya ndimu na ya udongo mwekundu. Tukasimama mbele ya jumba la mfalme tukatazama askari wawili waliosimama bila kupepesa. Tukapanda mlima mdogo, tukaona maji pande zote, na makanisa yenye minara myembamba kama sindano.

Mji ule ni mzuri, sitawadanganya. Lakini nilikuwa naona mgongo wa baba zaidi ya mji. Kila tulipofika mahali alikuwa ameshaanza kuondoka.

Tulikaa mara moja tu, kwenye mkahawa, tukanywa kahawa na mkate mtamu wa mdalasini. Nikaona hii ndiyo nafasi.

"Papa, tutaenda kwako saa ngapi? Nataka kumsalimia mama mdogo."

"Mama Riziki iko kazini leo," alisema, akitazama kikombe. "Na kwetu iko mbali, mwisho wa treni. Utachelewa ndege. Njoo, nikuonyeshe meli moja."

Nikamfuata. Mnajua jinsi mtu anavyohisi akiwekwa barazani kama muuzaji wa sabuni? Nilidhani ananionea haya. Nilidhani hataki majirani wake wamwone mtoto wa maisha yale mengine.

Kisiwa cha meli

Tulivuka kwa feri ndogo hadi kisiwa kingine, upepo ukitukata masikio. Humo kuna jumba lililojengwa kuzunguka meli moja nzima ya mbao, ndefu, nyeusi, imejaa michongo ya simba na watu. Ndani ni giza-giza na baridi, ili mbao zisioze.

Baba alinieleza habari zake kwa sauti ya darasani. Mfalme wa zamani aliagiza meli kubwa ya vita, yenye mizinga mingi. Siku ya kwanza ilipotoka bandarini, watu wote wa mji wamesimama ufukweni kutazama, upepo kidogo ukaiinamisha, maji yakaingia, ikazama palepale karibu na nyumba za watu. Ikakaa chini miaka mia tatu na zaidi, hadi ilipoinuliwa.

"Wakubwa walijua," alisema. "Mbele ya safari walipima. Wanaume thelathini walikimbia juu yake, upande huu na upande huu, meli ikayumba sana. Mukubwa wa jeshi akasema, 'Muache, itaanguka.' Wakaacha kukimbia. Hakuna aliyeenda kumwambia mufalme. Meli ikasafiri."

Wakati huo simu yake ikalia. Alikuwa ameiweka sauti juu sana, kama wazee wote, na jumba lile lilikuwa kimya. Nikasikia sauti ya mwanamke, Kiswahili cha kwetu kabisa:

"Muko wapi? Ni saa saba! Nimepika tangu asubuhi, samaki inakauka. Mutoto wa watu atakula saa ngapi?"

Baba alisema tuko njiani, akakata. Hakunitazama.

"Hayuko kazini," nikasema.

"Hapana."

"Anatungoja tangu asubuhi."

"Ndiyo."

Maneno yote niliyojizoeza Gothenburg yalinitoka kichwani. Nilimshika mkono, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. "Papa. Mama ameniagiza neno moja. Ulijua lini kwamba tuko wazima? Kabla ya kuja huku, au baada?"

Familia moja ya watalii ilitupita na kumsukuma mtoto kwenye kigari. Baba alingoja wapite. Kisha akashika uzio kwa mikono miwili.

"Mbele," alisema.

Nikasogea karibu naye.

"Siku kumi na moja mbele ya ndege. Fundi mumoja wa baiskeli alifika kambini, alitoka Lusaka. Akaniambia, 'Mwalimu, bibi yako niliona, na watoto wawili niliona, ule musichana alivunjika muguu njiani lakini anatembea.' Nilikaa chini pale pale. Mahojiano ya kwenda Ulaya yalikuwa yamekwisha, Amani. Majina yalikuwa yameandikwa: miye, Mama Riziki, mutoto. Niliandikwa mwanaume aliyefiwa. Kama nasema iko bibi mwingine, wanafunga dosye, ile faili yetu, tunarudi nyuma ya watu wote. Na Riziki alikuwa na miezi saba, kifua yake ilikuwa inalia kila siku. Nikasema, nitafika, kisha nitawaita. Nilifika. Wakaniuliza tena, nikajibu vilevile. Kisha mwaka mumoja, kisha miwili. Kila mwaka neno ilizidi kuwa nzito."

"Mama Riziki anajua?"

Alitikisa kichwa kukataa. "Anajua niliwapata 2009. Nilikuwa naogopa ukifika nyumbani. Yeye anapenda kuuliza watu habari. Angekuuliza, mulikuwa wapi, nani aliwaona njiani, na habari ya muguu... Ndiyo nilikutembeza."

Kumbe hakuwa akinificha mimi.

Sikumgombeza, kama mama alivyoniagiza. Wala sikumfariji. Nilisimama pale karibu na meli ya watu nikamtazama baba yangu akilia bila sauti, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, na mlinzi wa jumba akatutazama akaona afadhali aende upande mwingine. Baada ya muda baba alijifuta uso kwa skafu.

"Twende nyumbani," alisema. "Nitamwambia leo, weye ukiwa pale. Nikingoja uondoke, sitasema tena."

Mwisho wa njia ya treni

Treni ya chini ya ardhi ilitupeleka hadi kituo cha mwisho. Majengo ya ghorofa, watoto wa kila rangi kwenye uwanja wa mpira. Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mama Riziki alifungua mlango kabla hatujabisha. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti kubwa, kitenge juu ya sweta. Alinikumbatia akilia na kucheka. Akanivua koti mwenyewe, akanionyesha pa kuweka viatu. Riziki, alisema, yuko kwenye mazoezi ya mpira wa kikapu, atasikitika kunikosa. Mezani kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mzima wa kukaanga.

"Kaa, kaa, mutoto wangu! Na weye, mwalimu, unasimama pale juu ya nini?"

Baba alikuwa bado mlangoni, koti mwilini, kiatu kimoja mguuni.

"Mbele tukule, iko neno," alisema. Na akalisema, kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi.

Mama Riziki alikuwa ameshika upawa wa sombe. Hakuuweka chini.

"Uliniambia walikufa," alisema.

"Wakati tulioana nilijua walikufa. Kisha nikajua hawakufa. Mbele ya ndege."

"Siku ngapi mbele?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja," alirudia. Aliuweka upawa kwenye sufuria, akaenda kwenye roshani na kufunga mlango wa kioo. Tulimwona mgongo. Baba alimaliza kuvua kiatu, akasimama na soksi zake kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mimi nilitazama samaki.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akachukua sahani yangu, akanipakulia, akajaza. "Kula," alisema. "Weye haukukosa kitu." Nikala, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya, na chakula kilikuwa kitamu, jambo lililonitia aibu zaidi. Baadaye alimpakulia baba pia. Akaisukuma sahani upande wake wa meza bila neno. Yeye hakula.

Saa kumi na moja ilibidi niondoke. Baba akataka kunisindikiza hadi kwenye basi la uwanja wa ndege. "Baki," Mama Riziki alimwambia. "Riziki akirudi akute mutu nyumbani. Nitamupeleka miye."

Mlangoni tuligusana vichwa. "Mwambie mama yako..." baba alianza, halafu hakuweza.

"Nitamwambia kwamba ulisema," nikamjibu. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo la kumpa.

Kituoni kulikuwa na baridi na giza lilikuwa likianza kuingia. Mama Riziki alisimama mikono kwenye makwapa.

"Miye nilikuwa nawaombea kama wafu," alisema. "Miaka yote. Mama yako, weye, Esta, kwa majina. Habari ilipofika kwamba muko wazima, nilicheza mule ndani mpaka jirani wa chini akaja kugonga." Basi lilionekana kwa mbali. "Mwambie mama yako sikujua. Ningejua, singepanda ile ndege." Akafikiri, akatikisa kichwa. "Ao pengine ningepanda. Mutoto alikuwa anagonjwa. Lakini ningeandika barua. Mwambie hivyo, usipunguze."

Nyumbani

Nilifika Durban Jumapili alasiri. Esta alinipokea uwanjani, amekuja moja kwa moja kutoka saluni anakofanya kazi, Pinetown, na njia nzima sikumwambia kitu. Nilitaka mama asikie kwanza.

Nilimweleza tukiwa mezani, Esta akiwa hapo. Sikupunguza. Mama aliuliza idadi ya siku, nikamwambia. Akaniuliza maneno ya Mama Riziki pale kituoni, nikayasema. Akaniambia niyaseme tena. Esta alilia kwa hasira, akasema hataki kusikia jina la baba hadi afe. Mama hakumkataza. Aliinuka, akaosha vyombo vilivyokuwa visafi, akaenda kulala mapema.

Wiki mbili zikapita. Alienda sokoni, akaja kanisani, mliimba naye. Baba alinitumia ujumbe mara moja: Mama Riziki bado yuko nyumbani, lakini hazungumzi naye sana. Nilimsomea mama. Alisema, "Mm."

Kisha Jumamosi moja mchana aliketi kitandani, amevaa gauni lake zuri kama anayetoka, akaniita.

"Nipe namba."

"Ya Papa?"

"Hapana. Ya Mama Riziki."

Nilibonyeza namba aliyoniachia kituoni, nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili. Iliita mara nyingi.

"Mama Riziki? Ni miye, Mama Amani."

Nilisikia upande wa pili sauti ile kubwa ikianza kulia na kusema maneno mengi kwa pamoja, naomba, naomba, sikujua. Mama alifumba macho, akasikiliza, kisha akainua kidole kana kwamba yule mwanamke anaweza kukiona.

"Ngoja, mwenzangu," alisema. "Ngoja kwanza. Tusalimiane."

Akanionyesha mlango kwa kidole kilekile. Nikatoka, nikaufunga.